Mkono wa Kuazima

Prather, Texas
12 Februari

Oleta,

Nani alikupa ruhusa ya kugawa nyumba yangu? Salamu utazikuta chini, kwanza nijibu hilo. Leo nimepata habari za nyumba yangu mwenyewe kwenye mkahawa wa Nadine, kikombe mkononi, mbele ya wanaume sita wenye kofia, kama mpangaji ambaye hakuna aliyekumbuka kumwambia kuwa nyumba imeuzwa. Dub Farley, anayejiona mwenye timu ya shule, alinijia anacheka, akapaza sauti inifikie, maana unayajua masikio yangu: "Hongera, Bi Velma. Nasikia unapata mjukuu." Nikamwambia mjukuu ninaye mmoja, yuko Denver, hanipigii simu, na hata akipiga simsikii. Akasema, "Si huyo. Rance wa mdogo wako. Tumeshaandikisha shuleni kwamba kuanzia Juni anakaa kwako."

Tumeshaandikisha. Yeye na nani?

Miaka mitatu, Oleta. Tangu tumzike mume wangu Hollis hujaniletea hata kadi ya Krismasi. Halafu neno la kwanza kutoka kwako linanijia kupitia mdomo wa Dub Farley, mdomo ambao haujafungwa tangu alipoachishwa ziwa.

Wanachotaka nakijua. Kwotabeki wetu, yule mtoto wa Pruitt, amemaliza shule, na timu haina mtu wa kurusha mpira. Tangu Krismasi mkahawani hakuna mazungumzo mengine. Wanaume wazima, pamba imewakaukia shambani, wao wanapanga vijiko mezani kuonyesha nani asimame wapi. Mmoja anasema tuache kurusha kabisa, tuukimbize tu mpira kama enzi za baba zetu. Mwingine anasema yule mkimbiaji wetu mnene afundishwe kurusha. Dub anasema mkono haufundishwi, mkono unazaliwa nao, na mkono mzuri kuliko yote huku umezaliwa Saltfork, kwa hiyo tukauchukue.

Hakuna aliyemtaja Eliseo Quintana. Amekaa benchi miaka miwili anamshikia kocha ubao, na kila jioni anarusha mpira kwenye tairi alilolitundika nyuma ya kiwanda cha pamba. Mimi namwona, dirisha la jiko langu linatazama huko. Anakosa, lakini anarudi. Mtu wa namna hiyo humtafuti mji wa jirani, unammwagilia maji hapo hapo alipoota. Nikawaambia: nguo ya kuazima haisitiri matako. Wakacheka wote isipokuwa Nadine.

Basi jibu langu ni hapana. Nyumba yangu si kichaka cha kujifichia watu wa mpira.

Sasa salamu. Mimi mzima, ukiacha goti na masikio. Wewe je? Nyonga bado inakusumbua?

Dada yako,
Velma


Saltfork
24 Februari

Mpendwa dada Velma,

Shikamoo. Nyonga ipo, nami nipo nayo. Barua yako imenichukua siku nzima kuisoma, na si kwa ukali wake peke yake.

Nilimwambia Dub akuombe kwanza. Nilisema, mwulize dada yangu, ana vyumba vitatu na yuko peke yake. Yeye akasikia vyumba tu. Unisamehe.

Hali ni hii. Rance amebakiza mwaka mmoja wa shule. Baba yake yuko huko kwenye visima vya mafuta, anakuja na kuondoka kama upepo, na mama yake ameolewa tena Arizona, kwa hiyo mtoto ni wangu. Saltfork wavulana wamebaki saba. Mwaka huu shule yetu inahamia kwenye ule mpira wa watu sita, na huko hakuna kocha wa chuo anayekuja kumtazama mtoto akirusha. Kwenu mnacheza kumi na mmoja, mna taa mpya, na watu wa vyuo wanapita. Msimu mmoja kwenu unaweza kumsomesha bure. Ni mpira tu, dada. Sababu nyingine sina.

Kuhusu mazishi ya Hollis sitaki ubishi. Ila mchungaji alikuambia Jumamosi. Watu wote walikuambia Jumamosi. Wewe ukang'ang'ania Ijumaa saa tisa alasiri, saa ile ile mabasi ya kwenu na ya kwetu yanaondoka kwenda kwenye mechi za mtoano, nami nimekwishaahidi kubeba chakula cha timu. Ulitaka kuona nani atakuja. Ukaona.

Mpokee mtoto. Anakula sana, lakini anaosha vyombo bila kuambiwa.

Mdogo wako,
Oleta


Prather
5 Machi

Oleta,

Mwandiko wako umepatwa na nini? Herufi kubwa kama za vibao vya barabarani, na mstari unapanda mlima halafu unaporomoka. Mimi niliyetolewa shule darasa la sita nikachume pamba naandika vizuri kuliko wewe uliyemaliza. Au unaandikia ndani ya gari linalokwenda?

Ndiyo, nilitaka kuona nani atakuja. Hollis alivuta minyororo ya kupimia yadi kwenye uwanja ule tangu ujana wake, vumbi lake, baridi yake, bila senti. Nikasema wataacha mechi moja. Tulikuwa wachache kanisani hata mchungaji akatuomba tusogee viti vya mbele, na mpiga kinanda alikuwa akitazama saa. Nimemaliza. Usilirudie tena.

Mtoto aje. Si kwa ajili ya Dub, wala si kwa sababu timu inamhitaji, maana msimamo wangu juu ya timu nimeshausema. Aje kwa sababu nyumba hii imeanza kunijibu ninapoongea peke yangu, nami kiziwi, kwa hiyo ujue imefikia wapi.

Masharti ni haya. Jumapili kanisani. Kofia haivaliwi mezani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwangu atapewa jembe siku ya kwanza, bustani imeota magugu. Na jambo hili lisikilize vizuri: mtu yeyote akiniuliza kwa nini yuko hapa, nitasema kweli. Sikusema uongo kwa mume, wala kwa benki, wala kwa daktari, na sitaanza uzeeni kwa ajili ya mpira. Umeniambia ni mpira, nitasema ni mpira. Ukiwa na jibu lingine, nipe sasa.

Dada yako,
Velma


Prather
14 Juni

Mdogo wangu Oleta,

Natumai u mzima. Mimi mzima, goti linapenda joto hili. Barua ya Machi hukuijibu. Nimechukua kimya chako kuwa ndiyo, kama mama alivyokuwa akifanya na baba.

Rance alifika wiki iliyopita kwenye pikapu ya Dub, na sanduku moja na mipira miwili. Ni mrefu, ana shingo ya ukoo wetu. Anakula kama ulivyosema. Magugu yamekwisha.

Lakini mjukuu wako ana mambo. Tukifika mlangoni ananishika kiwiko: "Kuna ngazi hapa, Bibi Velma." Nyumba niliyoingia nikiwa bibi harusi, yeye ananionyesha ngazi. Mezani ananiambia maharagwe yako kushoto kwako, mkate wa mahindi uko kulia, chai baridi iko mbele. Kikombe haniwekei mezani, ananipa mkononi, na hakiachii mpaka vidole vyangu vimekizunguka. Jana alinisomea gazeti zima, ukurasa kwa ukurasa, mpaka matangazo ya ng'ombe. Nikamwacha amalize kwanza, kisha nikamwambia, "Mwanangu, mimi kiziwi, si kipofu." Akawa mwekundu mpaka kwenye ndewe za masikio. "Samahani, Bibi. Nimezoea." Umezoea nini? Akainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Umemlea kwa adabu ya zamani na nakupongeza, ila mwambie macho ninayo.

Jioni ile ya kwanza aliliona tairi la Eliseo akatoka. Nikatoka nyuma yake na jagi la chai, ili nisipitwe. Walikuwa wanatazamana kama majogoo wawili. Eliseo akapaza sauti mpaka mimi nikasikia: "Kama umekuja kuchukua nafasi yangu, basi angalau niokotee mpira."

Rance akauokota. Akasema, "Unauachia umechelewa. Geuza nyonga kwanza, mkono ufuate."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna."

"Basi."

Kesho yake walikuwa pale tena wote wawili, na keshokutwa, na Eliseo anageuza nyonga.

Leo nimemkamata Kocha Haskett nje ya kanisa. Nikamwambia, wawili kwenye nafasi moja ni sawa na hakuna, chagua mapema umlishe mmoja. Na nikamwambia achague nani. Akasema, "Bi Velma, mimi bado nangoja baraza." Baraza gani? Ndipo nikaelezwa. Agosti wakuu wa shule tano za wilaya watakaa watuulize kwa nini mtoto kahama. Ikionekana kahama kwa ajili ya mpira, hachezi mwaka mzima, na mwaka mmoja ndio wote aliobakiza. Mimi nilikuwa sijui. Dub alijua.

Kwa hiyo nakuuliza tena, kwa upole, na unajua upole wangu haukai: kaja kwa nini?

Dada yako,
Velma


Saltfork
30 Juni

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima.

Kaja kwa mpira.

Mwambie nakula vizuri. Mwambie Wilma wa jirani anakuja kila siku. Mwambie asije kunitazama Julai, joto kali, na tairi za gari lako zimechoka.

Barazani sema tu anakaa na ndugu yake. Hilo nalo ni kweli.

Mdogo wako,
Oleta


Prather
22 Julai

Oleta,

Hujambo? Sina hakika kama naandikia mtu aliye hai. Barua yako ya mwisho ilikuwa na maneno machache kuliko risiti, na mistari miwili umeiandika moja juu ya nyingine mpaka Rance akanisaidia kuitenganisha. Aliishika karatasi ile muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwemo. Bahasha imeandikwa kwa mkono mwingine. Ni wa Wilma? Wewe una mikono miwili, nakumbuka, ulikuwa ukinifinya nayo.

Anataka kuja Saltfork. Kila Jumapili baada ya kukupigia simu anasimama hapo ukumbini anatazama funguo za gari. Nimemwambia, "Bibi yako kasema usije." Akakaa kibarazani mpaka chakula kikapoa, nami nikakaa jikoni mpaka changu kikapoa. Nilidhani nikipata mtu nyumbani upweke utapungua. Sasa nina upweke wa watu wawili, na wa pili haniambii kinachomla.

Juzi Dub kaja na pai ya pichi aliyoioka mkewe. Ukiona Dub kabeba pai, ficha pochi. Akakaa kwenye kiti cha Hollis bila kukaribishwa.

"Bi Velma, barazani sema baba yake yuko mbali."

"Baba yake yuko mbali tangu mtoto anatambaa. Mbona hakuhama wakati huo?"

"Basi sema amekuja kukusaidia kwa ajili ya masikio yako."

"Masikio yangu hayachezi mpira, Dub."

"Mama, mji mzima unakutegemea."

"Mji mzima ulikuwa wapi Ijumaa ile?"

Akachukua kofia yake. Pai nikaibakiza.

Nikuambie ninachokiona dirishani. Rance anarusha kama anavyomwaga maji, bila kufikiri, na mpira unafika. Eliseo anafikiri kwanza. Lakini Eliseo ndiye anayejua mtoto wa Tidwell hawezi kudaka akiwa anageukia kulia, na kwamba yule mnene anachoka robo ya tatu. Alijifunza hayo benchini. Haskett angekuwa na akili angeanza Februari kumpa huyo mpira, badala ya kukaa anangojea mkono wa kuazima uidhinishwe. Msimu haujengwi Agosti. Unajengwa wakati uwanja ni mtupu na hakuna anayepiga makofi.

Baraza ni tarehe sita Agosti. Naona kuna jambo unalikalia. Nakuuliza mara ya tatu na sitauliza tena. Mtoto huyu kaja kwangu kwa nini?

Dada yako,
Velma


Prather
7 Agosti

Oleta,

Leo salamu sina.

Nilingoja posta mpaka asubuhi ya jana yenyewe. Hukuandika. Nikavaa gauni langu la mazishi, maana ndilo zuri nililonalo, tukaenda.

Walikaa ndani ya maktaba ya shule, wanaume watano wenye tai, kwenye viti vya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Kocha Haskett akasema yake. Dub akasema yake na ya watu wengine. Kisha yule wa katikati, mzee wa adabu, akahamisha kiti chake karibu na mimi ili nisikie. Akasema, "Mama, nitakuuliza kwa lugha nyepesi. Kijana huyu alikuja Prather kwa ajili ya mpira?"

Nikamtazama Rance. Alikuwa anatazama sakafu. Midomo yake ilifunguka, ikafumba.

Nikasema, "Ndiyo. Bibi yake ameniandikia hivyo mara mbili."

Mikono minne ikainuka kumfungia. Wa tano alikuwa wa shule yetu.

Dub alipita mbele yangu kama mtu anayepita jiwe. Mkahawani leo Nadine kanipa kahawa na mkono wake ukakaa begani mwangu kidogo, wengine wamenipa migongo. Nimeizoea migongo. Ila jana ndani ya gari tukirudi na Rance nilijisikia kama nimemvunja mkono ule kwa mikono yangu.

Nyumbani akaosha sahani mbili. Akatoka kwenda kwenye tairi. Nilimfuata, na goti likinikataza. Eliseo alikuwa ameshasikia.

Rance akamwambia, "Haya, nafasi yako."

"Siitaki hivi."

"Sasa unaitaka vipi?"

"Nilitaka nikuondoe mwenyewe."

Rance akacheka, kicheko cha kwanza nilichomwona nacho tangu aje. Akamrushia mpira. "Nyonga," akasema. Na wakaendelea mpaka jua likazama, yule aliyefungiwa akimfundisha yule aliyepewa.

Aliporudi nikamwekea chakula nikamwambia, "Nimekuharibia."

"Ulisema ulichoambiwa, Bibi Velma. Si kosa lako."

"Kwani kulikuwa na la kuambiwa?"

"Nimeahidi."

"Umeahidi nini? Umemwahidi nani?"

"Nimeahidi," akasema, na macho yakamjaa, kijana mrefu hivi, akaniwekea kikombe mkononi na hakukiachia mpaka nikakishika.

Oleta. Mtoto amefunga mdomo mbele ya wanaume watano kwa ajili yako, na kimya hicho kimemlia mwaka wake. Niambie.

Velma


Saltfork
20 Agosti

Dada Velma,

Shikamoo. Anayeandika ni Wilma. Mimi nasema tu.

Macho yamekwisha. Si yote. Pembeni naona, katikati hapana. Ni kama mtu ameniwekea kidole gumba mbele ya kila kitu ninachotaka kukitazama. Nikimtazama Rance namwona masikio na mabega, uso haupo. Sasa ni mwaka wa pili. Barua zako nilikuwa nazisoma kwa kioo cha kukuzia, neno baada ya neno, kama mtu anayechambua mchele. Hiyo ya Julai ilinishinda, na Wilma alikuwa kwa binti yake. Nikaiweka chini ya mto. Amenisomea wiki hii, pamoja na ya Agosti. Alipofika kwenye mikono minne nilimwambia anyamaze.

Mtoto alikuwa ananisomea, ananipikia, ananiendesha mpaka Lubbock kwa sindano za macho. Jumatano za sindano hakwenda mazoezini. Kisha akaniambia mpira ameuacha, umemchosha. Muongo. Nilikuwa nasikia mpira ukigonga ukuta wa banda akidhani nimelala. Nikaona nimekuwa kazi yake, na kazi hiyo haina mwisho mpaka mimi niwe na mwisho.

Ningekuandikiaje, dada? Miaka mitatu ya kununiana, halafu nikuambie mimi kipofu, nichukulie mtoto? Ungesema nimekuja na bakuli. Lakini mpira haukataliwi na mtu nchi hii. Ukitaka kitu chako mwenyewe watu wanatazama viatu. Ukisema ni cha mpira, wanakuletea gari. Hata wewe hukukataa. Nikasema nitampitisha mtoto mlangoni mwako kwa jina hilo, na yeye nikamwambia hivyo hivyo, timu inakuhitaji, nenda. Nikamwapisha asikuambie. Nikamdanganya kwamba sindano zinasaidia. Hazisaidii.

Sikujua sheria yao. Nilidhani mpira ndio sababu ambayo hakuna anayeiuliza.

Sasa limekwisha. Wilma anahamia kwa binti yake mwezi ujao. Usimwambie Rance, akijua atarudi huku, na yote yatakuwa bure. Mimi nitajipapasa, nyumba naijua. Na siku yangu ikifika, dada, unizike Jumamosi.

Mdogo wako,
Oleta

Bi Velma, mimi Wilma. Nimeandika alivyosema. Ila wiki hii jiko la gesi ameliacha linawaka mara mbili.


Prather
24 Agosti

Wilma, msomee kwa sauti, na usiruke maneno makali.

Oleta, wewe ni mjinga, na ujinga huo tumeurithi tumbo moja. Mimi nilitumia mazishi kupima watu na wewe umetumia mpira kuficha macho. Umeniacha nisimame mbele ya wale watu nikasema kweli ambayo haikuwa kweli. Hilo nitalikasirikia baadaye, ukiwa hapa, ili ulisikie vizuri.

Ulisema nisimwambie Rance. Nimemwambia. Nilimpa barua mezani, akaisoma kwa sauti kama alivyozoea, akafika kwenye jiko la gesi akasimama. Akaosha vyombo, akavunja sahani ya mama mkwe wangu, sikuipenda hata hivyo. Kisha akaanza kufunga sanduku. Nikamwambia lifungue. Mwenye kuhama si yeye, ni wewe.

Chumba cha mbele, alichokuwa akilala Hollis, hakina ngazi. Rance na Eliseo wamepigilia ubao wa kushikia ukutani, kutoka kitandani mpaka msalani mpaka jikoni. Wameupigilia umepinda, utanyooshwa. Simu ikilia utasikia wewe, barua ikija nitasoma mimi. Tukijumlishwa anatoka bibi mmoja mzima.

Sasa mpira. Haskett anasema juu ya baraza lile kuna jingine, huko Austin, na rufaa inasikilizwa Septemba. Hapo utasimama mwenyewe. Sitakusemea. Utawaambia kwa mdomo wako, naona pembeni, katikati sioni, nilimtoa mtoto ili asiwe macho yangu. Watauliza mbona bibi mmoja alisema mpira na mwingine anasema macho. Wataona haya kuuliza na wewe utaona haya kujibu, na utajibu. Huenda wakakataa. Wakikataa, amekataliwa kwa kweli, si kwa kiburi chetu.

Na nafasi yenyewe imepata mtu. Nilimwambia Haskett, mbele ya Dub, hata Austin wakija kusema ndiyo Septemba, nafasi ni ya Eliseo, anaanza Ijumaa hii, kwa sababu kiangazi kizima yeye ndiye aliyekuwa akitayarishwa, mlikuwa hamtazami. Haskett akakubali. Amemwomba Rance asimame pembeni na ubao. Nikamtazama mtoto usoni, nikaona haukumfurahisha, na nikaona ameuchukua. Usiku hali chakula vizuri. Anahitaji mtu wa kumuuliza kama amekula.

Dub anakuja na pikapu. Nilimwambia, wewe uliyeandikisha nyumba yangu bila mimi, utakwenda kumbeba mwenye sababu. Hakubisha. Kaona haya, inampendeza.

Funga gesi kwenye mtungi, si kwenye jiko tu. Chukua nguo, dawa, na kile kikaango cha chuma cha mama, maana ulikichukua siku ya matanga ukidhani sikuona. Vingine waachie panya. Gauni jeusi usilivae, sitaki kuona mtu wa mazishi akishuka kwenye gari. Na mambo ya kuzikwa Jumamosi usiniletee, kwanza utaishi.

Alhamisi saa nne asubuhi uwe kibarazani, mlango umefungwa, kikaango mkononi. Usimwambie Dub arudi Ijumaa. Ijumaa kuna mechi, na mji huu hautakuwa na mtu wa kukubebea sanduku. Jioni hiyo tutakaa ndani ya gari langu pembeni ya uwanja, mimi nikikuambia mpira uko wapi na wewe ukiniambia watu wanapiga kelele gani.

Wilma, mkumbushe Jumatano usiku. Oleta, toka nje ungoje.

Dada yako,
Velma